Mashine Iliyovikwa Blanketi

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu umelala kijiji cha Gendabi mpaka mlima ulio juu yake hauonekani, nikapigiwa simu: "Fundi, ile mashine imekufa. Na mama ameanza kukohoa."

Aliyepiga ni mtoto wa Bibi Paulina, anayefanya kazi Arusha. Wiki moja kabla ya simu hiyo nilikuwa nimemfungia mama yake kiyoyozi cha kuleta joto, kile chenye kipande kimoja ukutani ndani na mashine kubwa ya feni nje. Bibi alikuwa ametoka hospitali, mapafu yamemsumbua, na daktari alikwisha kusema wazi: baridi ikimwingia tena kifuani, tusitegemee kumwona mavuno yajayo.

Mwanangu, kabla sijaendelea ujue unasoma maneno ya nani. Mimi niliishia darasa la nne. Leo, kuanzia Basotu mpaka Mbulu mjini, ukiona mashine ya nje imekaa imara kama dume la ng'ombe, uliza nani kaifunga; watakutajia mimi. Wenye vyeti vyao hunipigia simu kuniuliza, nami huwajibu kwa upole. Nasema haya ili ujue kwamba hata mtu kama mimi alishawahi kufundishwa kazi na bibi asiyejua kuwasha redio.

Nilipanda pikipiki nimevimba. Mashine niliyoifunga mimi, ife? Nilikuwa nimeiweka juu ya zege, nikaiinua maji yasiifikie, nikaiacha mbali na ukuta ili ivute hewa, na wigo wa miti nikauzungusha kwa mbali mbuzi wasije kujikuna. Nilipozunguka nyuma ya nyumba nikaikuta imevikwa blanketi. Blanketi zito la mistari, limefungwa kamba kiunoni, fundo zuri, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Chini yake barafu tupu.

Bibi akatoka na fimbo yake, amejitanda kanga mbili tu, anakohoa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekuja kumwona mgonjwa?"

"Mgonjwa si wewe, bibi?"

"Mimi? Huyo hapo. Tangu umwache anatetemeka. Nimeweka mkono, anatoa baridi. Na maji yanamtoka puani. Nikasema, maskini, joto lote amenipa mimi, yeye amebaki na homa. Nikampa blanketi langu."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Maana, mwanangu, mashine ya namna hii ikileta joto ndani, nje lazima itoe baridi na kudondosha maji. Kazi yake ni kuchuma joto kwenye hewa ya nje na kulipeleka ndani. Ukiifunika umeiziba pumzi. Inaganda, kisha inajizima isiharibike. Yule bibi alikuwa amekosa joto la mashine, na blanketi pia amelitoa, siku ya tatu hiyo. Na mimi nimesimama nacheka.

Yeye hakucheka. "Siku ile," akasema, "ulinieleza pikipiki yako. Ukanieleza nyumba unayojenga Katesh. Ukanitajia mafundi wote uliowashinda, mpaka chai ikapoa. Habari za huyu ulinieleza saa ngapi?"

Debe tupu haliachi kuvuma, na debe la siku ile lilikuwa mimi. Kama ningetumia hata nusu ya maneno yale kumweleza, asingelala akitetemeka.

Aibu ikanitia haraka. Nikaivua mashine blanketi lililolowa, nikafungua wavu wa mbele. Feni imesimama kimya. Nikanyoosha mkono niisukume, nione kama imekwama.

"Umeizima?" akauliza bibi.

"Bibi, si imejizima yenyewe?"

"Ng'ombe aliyelala hajafa." Akanikamata koti kwa nyuma akanivuta, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Nikayumba, nikaketi juu ya barafu. Na feni ikaanza kuzunguka.

Mashine hizi, mwanangu, hujipumzisha, halafu hujiwasha bila kubisha hodi. Niliviangalia vidole vyangu. Vyote vilikuwepo.

"Kazime," akasema taratibu. "Mimi nitakaa pale pale kwenye swichi." Akavuta kiti, akaketi chini ya swichi kuu, fimbo mapajani. Jirani alipokuja kuchaji simu, akitaka umeme uwashwe, nilimsikia bibi akimwambia, "Rudi nayo. Mjukuu wangu ameweka mikono mle."

Sijawahi kufanya kazi kwa utulivu kama siku ile. Nilingoja, nikapima kwanza, kwa sababu umeme hubaki ndani hata ukizima, kama moto unavyobaki kwenye jivu. Barafu sikuigonga, nisije nikatoboa bomba la ile gesi inayobeba joto. Niliiacha iyeyuke yenyewe. Tulipowasha tena, nikamshika bibi mkono, nikauweka mbele ya feni.

"Ikitoa baridi huku, bibi, ujue joto limeingia kwako."

"Kumbe haumwi," akasema. "Yuko kazini."

Nikamfunika blanketi lake mwenyewe, lilikuwa limekauka mbele ya hewa ya moto ya kile kipande cha ndani. Alivuka baridi ile, na nyingine kadhaa baada yake.

Basi mwanangu, unayeshika bisibisi leo, nisikie. Zima kwenye swichi kuu, na pale pawe na mtu au kufuli, usiamini kimya cha mashine. Kisha ngoja, upime; kawia ufike. Mambo ya gesi kama hujafundishwa usiyaguse, na hapo kuuliza si ujinga. Mashine iache ipumue. Lakini kubwa kuliko yote, usikusanye vifaa vyako uondoke kabla hujakaa na mwenye nyumba, hata awe mzee kiasi gani, ukamweleza mpaka aweze kukueleza yeye. Sifa zako atazisikia kwa majirani. Mimi zangu huwa nazianza baada ya hapo, chai ikiwa bado ya moto.

Mungu azilinde hatua zako kwenye ngazi. Vidole vyako kumi vizeeke pamoja nawe, na kila nyumba unayoitoka ibaki na joto.