Mlinzi Mlangoni mwa Mfalme

Kinyozi mwenye ndevu kama kichaka hana tofauti na mganga asiyejiganga, na wateja hawakuchoka kumwambia hivyo. Yeye alinyoa vichwa vyao akajibu kwamba ndevu zile si zake, ni za kazi. Watu wa filamu walikuwa wamepita mtaani wakitafuta wanaume wa makamo wa kusimama nyuma ya mfalme wa kale, wakamchukua kwa sharti asiguse kidevu mpaka wamalize. Akapewa joho na mkuki, akawekwa kwenye mlango wa baraza. Jua likapanda, likashuka, yeye kasimama.

Filamu ilipofika sinema ya mjini, ndevu alikuwa ameshazinyoa zamani. Akaenda na mkewe, shemeji yake, na mama yake mzazi, bikizee wa maneno machache aliyekuja kuwatembelea kutoka kwa binti yake wa mbali.

Filamu ilikuwa haina haraka. Mfalme aliwaza. Akaketi, akawaza tena. Jeshi likavuka uwanda, askari mmoja mmoja, kana kwamba watazamaji ndio waliotumwa kuwahesabu. Viti vikaanza kulia, watu wakaanza kutoka wameinama.

"Wewe unatokea lini?" mkewe alinong'ona.

"Bado kidogo."

"Kidogo hicho umekianza tangu vitani."

"Shemeji," kaka wa mke akadakia, "mfalme huyu akivua viatu tena, mimi naota mvi." Akatoka kunyoosha miguu. Dada yake akamfuata kununua maji, na maji hayo hayakurudi.

Hatimaye mlango wa baraza ukajaa kwenye skrini. Ndani wazee walibishana kuhusu vita. Nje alisimama mlinzi mwenye ndevu, na kamera ikamtazama bila kupepesa. Mtu wa nyuma akauliza kama mtambo umekwama. Ukumbi ukacheka. Kinyozi alijihisi kama amevuliwa nguo sokoni. Akamwinamia mama yake.

"Mama, kama umechoka, twende."

Bikizee akamshika mkono. "Nyamaza kwanza."

Hakuondoa macho mpaka mlango ule ulipopotea, na hata baada ya hapo hakuinuka. Wakakaa hadi taa zikawaka.

Nje walimkuta mke na kaka yake kwenye benchi, wamejiandaa kuomba radhi. Bikizee hakuwauliza kitu. Alimgeukia mwanawe.

"Baba yako alikuwa akisimama vile vile. Mguu mmoja mbele, kama mtu anayetaka kuaga."

Baba huyo alifariki kinyozi hajaota meno, na hakuacha picha hata moja. Kila alipoulizwa alifananaje, bikizee alikuwa akisema, "Alikuwa mtu tu," mazungumzo yakaishia hapo.

"Na ndevu?" kinyozi aliuliza.

"Ndevu ndizo hizo. Kesho wanaionyesha tena?"

Shemeji akapaliwa na soda.

Kesho yake walikwenda wawili. Ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mfalme akawaza, jeshi likavuka uwanda, na bikizee akatulia kama mtu anayengoja zamu yake kwa daktari. Kinyozi ndiye aliyehangaika safari hii. Kila siku aliuona uso wake kwenye kioo cha kazini, akiupita tu kumtazama mteja. Mlango wa baraza ulipotokea, aliutafuta uso wa mtu mwingine ndani ya ule uso. Aliona pua, akaona mguu uliotangulia. Mengine hakuwa na uhakika nayo. Alitamani picha isimame zaidi, lakini ikakatika, naye akaiona fupi.

Bikizee akajifunga kanga vizuri, akainuka. Wazee wa baraza walikuwa bado hawajaafikiana.

"Bibi, na wewe imekushinda?" aliuliza kijana wa mlangoni, aliyekwisha kuwazoea wanaotoroka.

"Haijanishinda, mwanangu," alisema, akimshika kinyozi bega ili ashuke ngazi. "Niliyemfuata nimeshamwona."