Nilijificha Nyuma ya Baba Mkwe Kilomita Ishirini

Nilikosa. Msinitafutie sababu, maana nimezitafuta mwenyewe miezi mitatu na hazipo. Mimi ni mke wa mtu, mama wa watoto wawili, nimeolewa Lufingo na nina kiduka cha nguo hapa Tukuyu mjini. Jina langu niachieni mwenyewe. Wanaonijua tayari wanatosha!

Kwanza mnielewe jambo moja la kwetu. Sisi Wanyakyusa, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Vijana wengi wameacha, lakini nyumba niliyoolewa mimi bado wanashika. Miaka sita ya ndoa, nikisikia tu kikohozi cha mzee, nazunguka nyuma ya nyumba. Salamu zake naletewa na mama mkwe. Yeye ananijua kwa kitenge nilichojitanda. Sura yangu hata akikutana nayo sokoni, haijui.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi kwenye kiwanda cha chai, sasa amestaafu. Ana miaka sitini na ushee na baiskeli ndiyo miguu yake. Halafu ana mgongo, jamani! Mpana kama mlango wa ghala.

Sasa mwaka huu wakaja watu wa michezo na mashindano ya mambo matatu kwa mpigo. Unaogelea kwenye ziwa Kisiba kule Masoko, unatoka unachuruzika maji unarukia baiskeli kilomita ishirini, unashuka unakimbia kilomita tano. Mimi nimezaliwa Matema, kuogelea nilijua kabla ya kusoma. Nikajiandikisha. Mume wangu, nimwite Baba Lusajo ingawa siye, akakubali. Kwa wakwe tukasema naenda Mbeya kufuata mzigo.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza, tena mdogo.

Siku yenyewe, joto! Tukuyu tunayoijua ni ya sweta na mwavuli. Siku ile jua liliwaka kama vile tumehamishiwa Kyela, lami ikaanza kunata. Refa akatupanga ufukweni akatangaza: "Kwenye baiskeli, kukaa nyuma ya mwenzako akukingie upepo ni ruksa. Mwanamke nyuma ya mwanaume, mwanaume nyuma ya mwanamke, ruksa. Ila mpokezane! Msiwe kupe."

Nikaogelea vizuri. Nikapanda baiskeli, kofia ngumu kichwani, miwani myeusi usoni. Kilomita ya kwanza haijaisha nikakutana na upepo, na mbele yangu nikaona mgongo.

Yesu wangu! Nikaujua palepale. Kumbe na yeye alijiandikisha, kundi la wazee lililotangulizwa majini kabla yetu, na hakumwambia mtu!

Mtu mwenye adabu angefanya nini? Angepunguza mwendo, mzee aende zake. Mimi nikasogea. Nikaingia nyuma ya ule mgongo, na upepo ukakatika kama mtu amefunga dirisha. Jamani, raha! Miguu yangu ikawa inazunguka yenyewe. Nikajiambia, namwona mgongo tu, mgongo si uso.

Baada ya muda akapaza sauti bila kugeuka. Shingo yake haigeuki vizuri tangu aumie kiwandani.

"Gwe, uliye nyuma! Njoo mbele na wewe, nimechoka kukukingia!"

Nikaweka sauti nene ya kiume. "Nakuja, mzee. Cheni inasumbua kidogo."

"Wa wapi wewe?"

"Kyela."

"Ukoo gani?"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nikataja ukoo wa kwanza ulionijia mdomoni, na kwa hofu niliyokuwa nayo ukanijia ukoo wa mama mkwe!

"Alaa!" Mzee akacheka mpaka baiskeli ikayumba. "Basi wewe ni shemeji yangu! Ungesema mapema! Kaa hapohapo nyuma, shemeji. Ndugu wa mke wangu hawezi kupigwa na upepo mimi nipo."

Akanivuta. Kilomita baada ya kilomita, mzee wa watu, jua la utosi, jasho likimruka na kunidondokea kwenye miwani. Na huku anavuta, anapiga soga. Akaniuliza habari za ndizi, habari za mvua zilizochelewa. Halafu akasema:

"Shemeji, wewe umeoza watoto? Mimi Mungu kanipa mke wa mwanangu mwenye heshima. Miaka sita sijawahi kuona uso wake. Siku hizi wa hivyo hawapo."

Nikakohoa. Gurudumu langu lilikuwa shibiri moja kutoka kwa lake!

Tuliposhuka baiskeli, mimi nilikuwa mbichi kabisa. Yeye alikuwa amekwisha. Kwa ukaidi wake akaanza kukimbia, tena akatangulia, huku mimi nikibadilisha viatu polepole kwa makusudi ili asinione.

Barabara ya kukimbilia ilipita katikati ya mashamba ya chai. Pembeni hakuna mti, jua linakupiga kotekote. Kwenye kilomita ya tatu nikamkuta ameketi juu ya kalavati, mikono imelegea, midomo myeupe. Ameinamisha kichwa, lakini alisikia hatua zangu.

"Shemeji? Ni wewe? Nipe maji, shemeji. Naona giza."

Mkononi nilikuwa na chupa.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye ungamo langu. Nilisimama. Nikatazama mbele, nikamwona dada mmoja anachechemea, nikijikaza nampita na kuwa wa pili. Nikamtazama mzee. Nikajiambia: mila hairuhusu. Nikimpa maji ataniona uso, nitamvunjia heshima mzee wa watu!

Eti heshima! Mtu niliyemnyonya upepo kilomita ishirini!

Nikashusha kofia usoni, nikainama, nikaingia kwenye chai. Nikapita kati ya mistari nimekunja mgongo kama mkwe mwema, nimemzunguka kwa mbali, huku nakimbia. Mama mmoja aliyekuwa anachuma chai akashangaa.

"We dada, mashindano yako barabarani!"

"Nampisha baba mkwe wangu, yuko pale!"

"Ooo!" yule mama akasema. "Ndaga, asante! Mungu akubariki kwa adabu hiyo!"

Nikapokea na baraka! Nikatokea mbele, nikampita yule dada, nikawa wa pili kwa wanawake. Nikapewa godoro. Nikashangilia na kupiga magoti kumshukuru Mungu.

Yule yule mama wa chai ndiye aliyemkuta mzee ameanguka kwenye majani. Akammwagia maji ya dumu lake, akaita wenzake, wakambeba. Alilazwa siku mbili, akatundikiwa dripu tatu. Na alipopata nguvu, neno la kwanza aliuliza: "Shemeji yangu amefika salama?"

Wakamtafuta huyo shemeji ukoo mzima wa mama mkwe. Hayupo! Wakapiga simu mpaka Kyela. Mimi nikawa napika uji wa mgonjwa, natumwa kuulizia na mimi, nauliza watu kwa uso mkavu kabisa.

Ikaja picha. Mpiga picha alitupiga kwenye kona, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Mzee mbele ameuma meno, nyuma yake mtu amebana kwenye mgongo wake, pua karibu iguse shati, meno nje kwa raha. Mama mkwe akaikuza picha kwa vidole, akaikuza tena.

"Haya meno ya mbele," akasema taratibu, "nayajua."

Kikaitwa kikao cha ukoo. Wazee walikaa sebuleni, mimi nyuma ya mlango wa jikoni. Baba mdogo mmoja akatetea kwamba mgongo si uso, kwa hiyo mila haijavunjwa. Mwingine akadai shibiri moja ni karibu mno hata kwa mgongo, akaomba tepu ya fundi ionyeshe. Wakabishana kama kofia ngumu inahesabika kuwa kitenge. Mwingine akataka nitoe kuku wawili na godoro lije kwa mzee.

Mzee akawaacha wamalize. Kisha akasema, "Mgongo nilimpa kwa moyo. Angeomba kwa jina lake ningempa pia. Mimi nina swali moja. Siku ile pale kwenye kalavati, alikuwa na maji?"

Baba Lusajo akanitazama kwenye upenyo wa mlango. Na yeye alikuwa hajui.

"Nilikuwa nayo, baba," nikasema. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsemesha kwa sauti yangu mwenyewe.

"Mengi?"

"Nusu chupa."

Nilisikia kiti kikilia alipoinuka.

"Kuku sitaki, na godoro alilalie," akasema. "Ila kuanzia leo asizunguke nyuma ya nyumba yangu. Apite mbele, kama mpita njia yeyote."

Watu wa mbali wanadhani nimesamehewa, wananipongeza kwamba nimefunguliwa mila! Sasa napita mbele. Mzee ananitazama usoni, ananiambia "Habari ya saa hizi," kama anavyomwambia muuza mkaa, kisha anaendelea na kazi yake. Natamani anikemee. Natamani hata akohoe ili nikimbilie nyuma ya nyumba, lakini hakohoi tena.

Dada zangu, na kaka zangu pia, mimi sina hadhi ya kumfundisha mtu. Ila ukijikuta unamkumbuka Mungu, au mila, au adabu, saa ileile mtu anapokuomba maji, simama ujiulize mara mbili. Halafu mpe maji kwanza. Mengine mtaulizana akishakunywa.