Rafu Zisizo na Milango

Niliondoka Puge kwa sababu ya rafu. Nilizitengeneza mwenyewe, za mbao ya mninga, ukuta mzima wa chumba tunachokiita maktaba ya shule, na tangu nizipige msasa hazikuwahi kubeba kitu zaidi ya vumbi na maboksi ya chaki. Mimi ni seremala, na nimo katika kamati ya shule kwa kuwa mwanangu wa mwisho, Maganga, anasoma pale. Wenzangu walitaka niweke milango na kufuli. Nilikataa, tukagombana, nikashinda. Niliwaambia kitabu kikishafungiwa kabatini watoto hukisikia tu kwa jina.

Basi ikaja habari kwamba shule moja ya msingi, huko ndani ya Sikonge, imepewa vishikwambi na wafadhili, na kwamba vitabu vyake vya karatasi sasa havina kazi. Nilimpigia simu mwalimu mkuu wa kule.

"Njoo uvichukue, Fundi," alisema, sauti ikikatikakatika. "Vimejaa tele. Njoo na magunia."

Nilichukua magunia yangu ya mpunga, nikayakung'uta na kuyakunja vizuri. Darasa la Maganga lilipiga deki chumba cha maktaba bila kuambiwa na mtu. Niliona jambo hilo nikajua kwamba nikirudi bila kitu, sitajua pa kuweka uso wangu.

Asubuhi nilipanda basi la kwenda Tabora. Njia hii ndiyo waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani, na mmoja wao alikuwa babu wa babu yangu. Alibeba mizigo ya watu mpaka pwani, akarudi na mitumba ya vitambaa kichwani. Nyumbani kwetu habari zake bado husimuliwa kwa majivuno, nami siku ile, magunia yakiwa mapajani, nilijiona nimerithi kazi. Nilimweleza hivyo abiria wa pembeni yangu. Akaniuliza kama nina chenji.

Mchana nilifika Isevya, Tabora mjini, kwa dada yangu, binti wa mama mdogo, mwenye kiduka cha mchele na sabuni. Alipoyaona magunia akaanza kucheka.

"Kaka, mwaka huu umeingia kwenye tumbaku?"

"Nakwenda kuleta vitabu."

"Vitabu! Watoto wa siku hizi wanasoma kwa kidole, wewe unakwenda kubeba karatasi porini."

Hata hivyo alinifungia maandazi ya njiani, na asubuhi yake akanisindikiza mpaka stendi.

Kutoka Sikonge mjini nilichukua bodaboda. Lami tuliiacha nyuma, tukaingia kwenye vumbi na miombo, mizinga ya nyuki ikiwa imening'inia juu ya miti na wanaume wakisukuma baiskeli zilizobeba madumu ya asali. Tulipokaribia kijijini niliisikia harufu ya tumbaku kabla sijaona nyumba. Palikuwa na ukimya wa msiba. Wazee niliowapa shikamoo waliitikia marahaba, wakageuza macho.

Mwalimu mkuu alinipokea kwa haraka ya mtu mwenye jambo. Hakunipa hata nafasi ya kunywa maji, akataka kunionyesha vishikwambi. Aliutoa ufunguo shingoni, akafungua kabati la chuma, na ndani niliviona vimepangwa, vingine bado kwenye nailoni zake.

"Watoto wanavitumia lini?" nikauliza.

"Wakija wageni. Kikivunjika kimoja, nakatwa mimi mshahara. Na betri ya sola imekufa." Alichukua kimoja. "Hiki nimekichaji dukani jana. Vitabu vyote vimo humu, Fundi, vingi kuliko hata hiyo maktaba ya mkoa. Ila vinataka mtandao."

Mtandao uko juu ya kichuguu nyuma ya vyoo. Mwalimu mkuu alipanda juu yake na suruali yake ya kazi, akanyoosha mkono, na mimi nikapanda nyuma yake. Kwenye kioo kulikuwa na kiduara kinazunguka. Tulikitazama kikizunguka mpaka miguu ikaniuma. Hakuna ukurasa uliofunguka. Nilitaka kucheka, lakini yeye bado alikuwa amenyoosha mkono.

"Na vile vya karatasi viko wapi, Mwalimu?"

Akashuka. Akakaa chini, mgongo kwenye kichuguu, akanieleza.

Vishikwambi vilipofika, wafadhili walitaka chumba kisicho na vumbi, basi vitabu vikatolewa maktaba. Yeye akavipeleka kwenye ghala la chama cha wakulima, kwa sababu ni pakavu, pana kufuli, na mchwa hawapendi tumbaku. Hata mimi ningepachagua. Lakini ndimo wanawake na watoto wao wanamochambua majani na kuyafunga marobota. Siku ya soko mnunuzi alifungua robota moja, akakuta ukurasa wa kitabu katikati ya tumbaku. Karatasi kwenye tumbaku ni uchafu, na uchafu hausameheki. Alilikataa robota lile, kisha akayakataa marobota yote ya kijiji siku hiyo. Jasho la msimu mzima likarudishwa ghalani.

"Jioni ileile walivitoa," alisema mwalimu mkuu. "Wakavipeleka kwenye bani lililokuwa linakausha majani ya mwisho, wakavitia tanuruni."

"Na wewe?"

"Mimi nina vishikwambi, Fundi. Ningelalamika nini?" Akajifuta uso. "Nilikuandikia ujumbe usije. Niliuandika juu ya kichuguu hiki."

Nilienda kwenye bani peke yangu. Ni kijumba kirefu cha udongo, na mdomo wa tanuru uko nje. Majivu ya kuni ni mepesi, nayajua. Yale yalikuwa ya tabakatabaka, meusi, na ukiyashika yanavunjika. Kwenye tabaka moja herufi zilikuwa bado zinaonekana, ila nilipopumua zikaondoka. Nilikasirika sana. Kisha nikawafikiria wale waliorudishiwa marobota yao, na hasira ikakosa mtu wa kumshukia. Ningekuwa mkulima wa pale, ningechochea moto ule. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

"Shikamoo," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa binti wa darasa la sita, sare imefifia, vidole vimekuwa vyeusi kwa gundi ya tumbaku.

"Marahaba, mwanangu. Unaitwa nani?"

"Kabula." Akatazama magunia. "Wewe ndiye uliyekuja kuvichukua?"

"Ndiye mimi."

"Ukurasa ulikuwa wangu," akasema. Hakusubiri niulize. "Nilikuwa nachambua na mama, akitoka nasoma. Kitabu kilikuwa kimechakaa, ukurasa ukanyofoka. Niliutafuta sana. Kumbe uliingia kwenye majani ya baba."

"Baba yako amejua?"

"Nilimwambia mwenyewe. Hakunipiga." Alikwangua gundi kwenye kidole. "Hasemi na mimi tu. Na ndiye aliyekuwa anavitia motoni."

Nilimpa andazi, akalishika bila kula.

"Huko kwenu mna vingi?"

"Hatuna. Tuna rafu tu. Nimezitengeneza mimi."

"Zina mlango?"

"Hazina."

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Basi mkipata, mtoto yeyote atasoma."

"Yeyote," nikamwambia, na niliamini nilichosema.

Siku iliyofuata nilirudi kwa njia ileile. Nilipofika Isevya simu ililia, nikaona ujumbe wa mwalimu mkuu: "Fundi, usije. Vitabu vimeungua." Sijui alipanda tena kichuguu au mtandao ulimkuta njiani. Dada yangu aliusoma, akayatazama magunia, na safari hii hakunitania. Kwenye basi la Puge nilimkumbuka yule babu mpagazi, nikaona aibu kama vile alikuwa amekaa kiti cha nyuma.

Jioni wanafunzi walinikuta njia panda. Maganga alikuwa mbele. Aliyapapasa magunia, akayaachia, akanipokea begi langu.

Kamati iliketi Jumapili baada ya misa. Nilieleza yote: kabati la chuma, kichuguu, ghala, bani. Walisikiliza kwa huruma. Kisha mwalimu mkuu wetu akasema kuna wafadhili wameahidi na sisi tutapata vishikwambi, ila sharti chumba kiwe salama.

"Fundi," akasema kwa upole, "zile rafu zako. Zitiwe milango."

Nilitazama wenzangu. Hakuna aliyebisha, na mimi sikuwa na hata kitabu kimoja cha kubishia. Nilijifunza safarini kwamba watu wanaweza kukipenda kitu, wakakiogopea, wakakifungia, na mtoto akabaki nje kama asiyekuwepo. Kulijua jambo hilo hakukunisaidia.

Jumatatu nilinunua bawaba na kufuli. Nilifanya kazi mpaka jua likapinda, Maganga akinishikia mbao. Milango imekaa sawasawa, haina hata mwanya. Ufunguo nimemkabidhi mwalimu mkuu wetu, na magunia yamerudi kwenye mpunga. Ndani ya kabati bado hamna kitu.