Jiwe la Penki

Tangu Gesare akiwa mdogo, kila wakienda soko Kaplong, babu yake Mochama alikuwa lazima asimame kwa benki ya zamani aupapase ukuta, kama mtu anayepapasa ng'ombe wake. Hayo mawe aliyapanga yeye akiwa kijana, pamoja na marehemu baba yake, Omosa, fundi aliyetoka Kisii na patasi zake akakosa kurudi.

Omosa hakuwa amesoma. Siku ya kuchonga jina juu ya mlango, karani Johana, Mkipsigis wa hapo hapo, alisimama chini akimtajia herufi. Ya kwanza akasema ni P, kwa sababu Wakipsigis wengi huitamka B hivyo, na Omosa akachonga alichosikia: PENKI. Mwenye kazi alicheka mpaka akakaa chini. Omosa akageuza jiwe, hayo maandishi yakaingia ndani ya ukuta, akachonga upya upande wa nje.

Hakuna aliyeamini hadithi hiyo babu alipoisimulia. Sokoni walimbandika babu jina la Mzee Penki, na hata siku moja hakuitika.

Macho yake yalikuwa yameshapofuka wakati jengo lilipouzwa. Waliposikia tingatinga limefika, babu alimwomba Gesare kitu kimoja tu: lile jiwe, kabla halijapondwa kokoto. Gesare alifunga mtoto mgongoni akashuka mbio, akasimama mbele ya mashine. Kuta mbili zilikuwa chini tayari.

Dereva, Kiplangat, Mkipsigis pia, alitoa kichwa nje. "Mama, toka hapo na mtoto."

"Hilo la juu ya mlango, tafadhali usiliponde. Liko na maandishi nyuma."

"Yanasema nini?"

"Penki."

"Sasa mama, umetoka nyumbani na vumbi hii yote kuja kucheka vile sisi tunaongea?"

Gesare akaona ameharibu. Ikabidi amweleze yote pale chini, Omosa na Johana, huku mtoto analia. Alipofika mahali karani anataja herufi, Kiplangat alikuwa ameinamia usukani akicheka peke yake. Alilishusha jiwe polepole, lakini lilipasuka katikati. Kipande kimoja kilikuwa na PEN. Akamsaidia kukipakia kwa wilbaro.

Nyumbani, babu alipitisha vidole kwa hizo herufi, akarudia. Halafu akaomba kipande kigeuzwe, akagusa zile za nje.

"Hii ya benki alichonga na hasira," alisema. "Iko na mikwaruzo. Lakini hii ya penki, mkono wake ulikuwa umetulia. Alikuwa anafurahi."

Akataka kiwekwe karibu na mlango, penki ikiangalia barabara.

Jumapili, watoto wakitoka kanisani, mmoja aliita kutoka kwa ua, "Mzee Penki!" Gesare aliinuka amfukuze.

"Naam," babu akaitika.