Gari la Umaru Lilipotulia

Umaru wa Bwera na mkewe Hamidah walizoea kusemezana kwa kelele, wala haikuwa kwa ugomvi. Umaru alikuwa na Toyota Carib ya zamani, aliyoinunua kwa mwalimu mmoja wa Nyakiyumbu, na kila siku ya soko alimpeleka mkewe Mpondwe na mabunda yake ya vitenge vya kuuza. Gari lile lilinguruma chini, likagongagonga nyuma, likapiga miluzi milangoni. Mtu akitaka kuomba maji tu, ilibidi apaze sauti kama anayeita ng'ambo ya mto. Mazoea hayo wakayaingiza mpaka nyumbani. Jirani mgeni angedhani hawapatani, kumbe wanaulizana chumvi iko wapi.

Kisha Hamidah akaanza kuumwa kichwa. Mwanzoni alijifunga kitambaa, akameza vidonge, akaenda sokoni hivyo hivyo. Baadaye akashindwa hata kukunja kitenge. Hospitali ya Kasese wakamtuma Mbarara apigwe picha, na picha ikaonyesha uvimbe ndani ya kichwa, mahali ambapo, daktari alisema, kisu hakifiki. Zikabaki dawa za kutuliza maumivu, na safari za kwenda Kasese kuangaliwa.

Umaru hakuelewa mengi kuhusu uvimbe. Alichokielewa ni kwamba kelele zilimtesa mkewe. Njiani Hamidah alijikunja kiti cha nyuma, amejifunika shuka mpaka usoni, na gari likipita penye mashimo vidole vyake vilikaza shuka ile hadi vikapauka.

"Pole, Mama Sadia!" Umaru alimpigia kelele, kwa jina la binti yao aliyeolewa Kampala.

"Endesha tu, Baba Sadia!"

Kichwa hakujua kukitibu. Lakini gari lilikuwa lake. Siku moja akalipeleka kwa Ezéchiel, fundi wa viti vya magari, Mkongomani aliyekimbia Butembo na sasa ana kibanda karibu na mpaka wa Kongo.

"Nataka inyamaze," Umaru alisema. "Yote."

Ezéchiel akafungua mlango, akagonga bati kwa kifundo cha kidole. Likalia kama sufuria tupu.

"Unasikia, mzee? Iko inaimba. Chini nayo iko inaimba. Njo fasi sauti inaingilia." Akaonyesha mahali penyewe kwa kidole, akatikisa kichwa. "Kunyamaza yote, hapana. Mutu asikudanganye. Kupunguza, ile tutaweza."

"Punguza basi. Ni kwa ajili ya mke wangu, mama yako, apate kulala njiani."

"Mama Hamidah? Ule wa bitenge?" Ezéchiel akaufunga mlango polepole. "Acha gari hapa."

Wakang'oa viti, wakang'oa na zulia. Chini yake kulikuwa na mchanga wa miaka na maganda ya vitunguu ya wafanyabiashara wa Karambi waliowahi kupanda gari hilo. Umaru akafagia, akapangusa bati kwa petroli mpaka likang'aa, maana fundi alisema kwenye vumbi hakuna kitakachoshika. Zikaja karatasi nene za lami, zile za kuzibia paa linalovuja. Wakazianika juani zilainike, wakazibandika sakafuni na kuzikandamiza kwa chupa ya soda isibaki hewa chini yake. Juu yake wakatandaza mikeka ya sponji ngumu isiyonywa maji. Milangoni wakafanya vivyo hivyo, ila Ezéchiel aliacha wazi vitundu vya chini, maji ya mvua yapate pa kutokea. Raba za milango zilikuwa zimekauka na kupasuka. Umaru akaenda kutafuta nyingine Kasese, kwenye gari lililopata ajali. Alifanya kazi ile kama mtu anayejenga nyumba. Alipogonga tena bati, likatoa sauti ya gunia la maharage. Umaru akacheka. Hakuwa amecheka siku nyingi.

Safari iliyofuata, gari lilitulia kweli. Harufu ya lami ilikuwapo, lakini Umaru alisikia taa ya kukatia kona ikitiki, kitu ambacho hakuwahi kukisikia tangu alinunue. Wakaacha maduka nyuma, wakaingia kwenye nyasi za mbuga. Moyo wake ulikuwa mwepesi.

Ndipo akasikia sauti nyingine, ya chini, isiyokatika, kama mtu anayeguna amefumba mdomo. Akadhani ni beringi ya gurudumu. Akapunguza mwendo, sauti haikupungua. Akatazama kwenye kioo. Shuka ya Hamidah ilikuwa inatetemeka.

Alikuwa ni yeye. Na Umaru akaelewa papo hapo kwamba hata safari zile zote za nyuma alikuwa akiugulia maumivu hivyo hivyo, ila kelele za gari zilimficha.

"Mama Sadia," akasema polepole. "Unaumwa kiasi hicho?"

Mguno ukakatika.

"Unanisikia?" Hamidah aliuliza.

"Nakusikia."

Kwenye kioo Umaru alimwona mkewe akiuma ncha ya shuka. Kisha akasema, "Fungua dirisha."

"Kelele zitaingia."

"Ziingie. Fungua, Baba Sadia, niugulie maumivu kwa nafasi."

Umaru akateremsha kioo cha dirisha. Upepo na ngurumo za malori vikajaa ndani, na nyuma yake mkewe akaachia sauti. Umaru naye akalia, kwa kuwa sasa hata yeye hakusikika.

Kasese, daktari alimwita kando, akamwambia asimsumbue tena kwa safari. Amweke nyumbani, ampe dawa kila anapoumia.

Nyumbani, ng'ambo ya njia, kuna mashine ya kusaga mihogo. Ilipowashwa, Hamidah alijiziba masikio. Umaru akavuka kwenda kumwomba Mugume, mwenye mashine, aizime.

"Mzee wangu, ningependa," Mugume alisema, akionyesha akina mama waliopanga foleni na mabeseni. "Lakini hawa nao watakula nini leo?"

Umaru akawatazama. Baadhi walikuwa wateja wa Hamidah, na walimsalimia kwa huruma. Akarudi ndani, akaketi mkekani kichwani pa mkewe, akamziba masikio kwa viganja vyake.

"Mikono haijachoka?" Hamidah aliuliza baada ya muda.

"Bado."

Mashine ikaendelea kusaga mpaka foleni ikaisha.