Siku Harusi Ilipopotea Kwenye Diski Mpya

Diski yangu ya zamani ilikuwa imeanza kukwaruza kama panya darini, kwa hivyo nikanunua mpya hapo Kitengela na kuhamishia kazi zangu zote. Wakati huo nilikuwa nahariri video za harusi katika chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Nilipokuwa nahamisha, nikabadilisha pia majina ya folda, yakae kwa mpangilio. Nikajiona mjanja sana.

Saa nane mchana akaingia mama wa bibi harusi. Alikuwa ametoka Kajiado kuja kuona video ya binti yake.

"Takwenya," nikamsalimu kwa Kimaasai.

"Iko," akajibu, akaketi.

Nikaifungua ile kazi. Muziki haukulia, na skrini nzima ikawa nyekundu.

"Harusi iko wapi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba picha zote zipo, ila kompyuta bado inazitafuta kwenye diski ya zamani, tena kwa majina ya zamani.

Akafikiri kidogo. "Kwa hivyo ng'ombe wako wote wapo, lakini mchungaji ameenda boma tulilohama."

"Ndiyo, mama."

"Basi mwonyeshe njia. Mimi siko na haraka."

Nikaanza kuionyesha kompyuta kila faili ilipo, moja baada ya nyingine, naye akizitazama zikifunguka. Ndipo ikafunguka moja ambayo sikuwa nimeitumia. Siku ya harusi nilikuwa nimeiweka kamera juu ya stuli nyuma ya hema la wapishi, nikasahau kuizima. Mume wa mama huyo, mzee mkimya ambaye hakucheza hata wimbo mmoja mbele ya watu, akaonekana akija na sahani ya nyama. Akaangalia huku na huku, akaiweka sahani chini, akavua kofia. Kisha akacheza peke yake, akiruka ndani ya suti yake mpaka tai ikamfunika uso.

Mama akatoa simu, akampigia mumewe.

"Wewe, ulicheza kwa harusi?"

"Mimi? Na magoti haya?" sauti ya mzee ikasikika.

"Sawa," akasema, akakata simu. Akacheka hadi akajifuta machozi kwa shuka lake la begani. "Hiyo iweke. Usikate hata kidogo."

"Mzee hatakasirika?"

"Huyo niachie mimi."

Jumamosi iliyofuata walinialika kwao kuitazama video pamoja. Sebule ilijaa jamaa, na mimi nikakaa karibu na mlango, endapo ningehitaji kutoroka. Ile sehemu ilipofika, watu walipiga kelele na bibi harusi akaangukia bega la mamake kwa kicheko. Mzee peke yake hakucheka. Alijisogeza mbele kwenye kiti, akajitazama mpaka mwisho, kisha akanigeukia.

"Msichana," akasema taratibu, "rudisha nyuma kidogo. Hapo kwa kuruka, wamepiga kelele sijaona vizuri."