Nilitafuta gari kali la kila siku na la track day, kumbe dereva msaidizi nilikuwa naye Bugarama

Wakuu, heshima kwenu wote, wenye magari na sisi tuliozoea kusoma nyuzi za magari tukiwa tumekaa nyuma ya bodaboda.

Leo nimekuja na langu. Sitii chumvi hata punje. Anayebisha afike Ngara, nitampeleka Bugarama amsikie mhusika kwa masikio yake, ila ajiandae kulishwa ndizi na maharage mpaka ashindwe kuinuka.

Iko hivi.

Mimi ni mtu wa clearing pale mpakani. Kwa mpenda magari hii kazi ni mateso. Magari ya IT, yaani ya transit, yanapita mbele yako kutwa kwenda Rwanda na Burundi, mengine makali hatari, na wewe kazi yako ni kuhakikisha makaratasi yake yamekaa sawa yavuke yakaendeshwe na wengine.

Ugonjwa wangu ni mwendo. Tuna kikundi chetu cha wapenda magari wa Kanda ya Ziwa, tunakutana Nyabusozi kule Biharamulo. Kuna jamaa ana eneo kubwa la kufugia ng'ombe, na ndani yake kuna barabara ya changarawe inayozunguka na kurudi ilipoanzia. Ng'ombe wanahamishiwa upande wa pili, magari yanaingia moja moja, helmet ni lazima, na mtu anakaa na saa ya kupima muda.

Hiyo ndiyo track day yetu. Msicheke, wenzetu wana lami, sisi tuna vumbi jekundu.

Miaka yote nilikuwa naendesha magari ya watu. Mwishowe nikasema basi, natafuta langu. Used, manual, lenye nguvu, linipeleke kazini kila siku na siku ya Nyabusozi lisiniaibishe. Na liwe moja tu, maana mawili uwezo huo sina.

Sasa hapo ndipo mama yangu anapoingia kwenye huu uzi.

Mama anaishi Bugarama. Aliteleza kwenye migomba akavunjika nyonga. Upasuaji ulienda vizuri, namshukuru Mungu, lakini daktari alituambia bila kuzunguka: asipohudhuria mazoezi hospitalini, mguu utakakamaa na hatatembea tena.

Tukamkodia gari. Alienda, akarudi analia. Tukakodi jingine, akarudi analia zaidi. Baada ya hapo akagoma kabisa. Akasema bora alale kitandani mpaka Mungu amwite kuliko kurudi kwenye ile barabara.

Wakuu, mama yangu si mtu wa machozi. Huyu ni mtu aliyekuwa akipandisha mlima na mkungu wa ndizi kichwani, mtoto mgongoni, na bado anaimba nyimbo za kanisani. Kumwona analia kwenye kiti cha gari kulinikata maini.

Mke wangu Jenista aliponiona nimezama kwenye simu naangalia magari ya mbio, akaniwekea sharti moja. "Gari lolote utakalolipenda, mama apande kwanza. Akilikataa yeye, na mimi nimelikataa."

Nikajisemea, nimekwisha.

GARI LA KWANZA: Altezza.

Aisee, ile gari ni tamu. Inasukuma kwa tairi za nyuma, gia sita, injini haina turbo lakini inapenda kulia juu huko. Mwenye nayo alikuwa Ngara mjini, mtu mstaarabu, kaitunza. Nikaiomba kwa test drive nikashuka nayo hadi Bugarama.

Mama akaingia vizuri tu. Tatizo lilikuja kwenye kutoka. Ile gari iko chini, na mtu mwenye nyonga mbovu akishakaa chini vile, hainuki. Tulivuta, tukasukuma, tukaomba. Ikabidi tuite majirani. Mama akatolewa kama gunia la kahawa huku anacheka na kuugulia kwa pamoja.

"Hili ni shimo lenye magurudumu," akasema.

Nikairudisha kwa mwenyewe huku moyo unauma.

GARI LA PILI: Impreza yenye turbo.

Hapa wakuu naomba niwe mkweli, nilishapiga hadi picha za harusi kichwani. Rangi ya bluu, mdomo wa hewa juu ya boneti, ukikanyaga unasikia mgongo umegandishwa kwenye kiti. Kijana aliyekuwa nayo alikuwa ameshaifanyia mambo yake: shokapu ngumu za mashindano, viti vya kukumbatia, tairi nyembamba.

Kwa Nyabusozi? Moto wa kuotea mbali. Kwa barabara ya Bugarama? Kalavati la kwanza tu, mama akashika rozari. La pili, akafumba macho. La tatu sikulifika, niligeuza.

"Mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu, "hili gari lina hasira na mimi. Nimelikosea nini?"

Na machozi yalikuwa yanamtoka. Jenista, aliyekuwa kiti cha nyuma, akanyoosha mkono akamfuta.

GARI LA TATU: Forester yenye turbo, gia za mkono.

Nitasema ukweli, nilikuwa naidharau. Niliona ni gari la kupelekea watoto shule. Ila fundi wangu, Shabani, akanisihi twende kuiona Biharamulo kwa mzee mmoja anaitwa Mzee Issa. Tukamkuta ametoka kuswali, shikamoo, marahaba, tukakaribishwa chai kwanza. Kwa Mzee Issa gari halionyeshwi kwa mtu mwenye njaa.

Kwa wanaotafuta magari ya turbo yaliyotumika, haya ndiyo tuliyoangalia, mtanisamehe nikiruka mengine.

Fika injini ikiwa bado baridi. Muuzaji akikuwashia kabla hujafika, jiulize kwa nini. Angalia moshi unapowasha, ukiwa wa bluu inakunywa oil. Tairi zote nne ziwe za aina moja na zimechakaa sawa, maana gari inayovuta kwa tairi zote nne ukiichanganyia tairi unaua difu. Ingia chini na tochi, tazama kama imeburuzwa tumbo. Kisha peleka kwenye mlima, gia ya pili, kanyaga, sikiliza klachi kama inateleza.

Ile gari ilipita kote. Na ilivyopanda mlima, daah! Nilimtazama Shabani, Shabani akanitazama. Kumbe chini ya lile koti la kiungwana kulikuwa na simba.

Mzee Issa akaturuhusu twende nayo kwa mama, yeye mwenyewe akiwa ndani. Alisema anataka kumjua atakayekaa kwenye gari lake.

Kiti kilikuwa juu kiasi cha nyonga yake. Akaingia mwenyewe, akakaa mbele, kiti tukakilaza nyuma kwa ajili ya nyonga, akawa anaona dari tu. Nikashukuru kimoyomoyo. Tukaondoka kuelekea hospitali, mimi nimekaza usukani, macho kwenye njia, nimenyamaza kama mtu anayebeba mayai.

Tukapita korongo moja dogo, mama akashtuka akalalamika. Jingine, akashika mlango. Nikaanza kukata tamaa. Kama hata hii imeshindwa, basi mama hatatembea, na hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu, siyo track tena.

Ndipo mama akauliza, kwa ukali kabisa, "Wewe mbona husemi?"

Nikamwambia, nisemeje mama, naendesha.

"Kwenye ingobyi wa mbele anasema!"

Kwa ambao si wa huku, ingobyi ni machela ya asili, imesukwa kama kikapu kirefu, inabebwa na wanaume wanne mabegani. Zamani ndiyo iliyobeba wagonjwa kutoka milimani, na bibi harusi alipelekwa kwa mumewe ndani yake. Sasa utaratibu, alivyotueleza mama palepale garini, ni kwamba aliyeshika mbele ndiye anayeona njia. Kazi yake ni kuitangaza. Jiwe. Maji. Tunashuka. Kona ya kushoto. Wa nyuma wanajua wapi pa kukanyaga, na aliyelala ndani anajua lini ajikaze na lini apumzike.

"Siyo shimo linaloniumiza," mama akasema. "Ni shimo ambalo hukuniambia."

Jamani.

Magari yote yale, madereva wote wale, na mimi mwanawe, tulimbeba kimya. Kila tulipoona shimo tulilikwepa au tulilivumilia sisi, yeye likamkuta amelegea. Mwili wenye kidonda ukipigwa bila taarifa unaumia mara mbili.

Nikaanza kusema. Mama, tuta. Mama, kalavati hilo. Mama, kulia kidogo. Mzee Issa naye huko nyuma akachangamka akawa ananisaidia, "Bi mkubwa, korongo hilo, shikilia!" Tukafika hospitali mama hajatoa chozi. Akashuka mwenyewe na fimbo yake, akauliza mazoezi yanafanyikia mlango upi.

Nilikaa kwenye ngazi nikapumua. Shabani akaniuliza vipi, nikamwambia niache kwanza.

Gari tukachukua. Na ndiyo, kuna siku nilimdokezea Jenista kwamba sasa kwa kuwa tumejua siri, labda tungeirudia ile Impreza ya bluu tukawa tunamtangazia mama. Alinitazama tu, akaendelea kuchambua mchele.

Sasa sikieni ya Nyabusozi.

Miezi ikapita, mama anahudhuria mazoezi, anatembea na fimbo. Akasikia kwamba gari lake, maana ameshaliita lake, linapelekwa kukimbizwa. Akataka kuona. Nikamuuliza mtaalamu wake wa mazoezi, akacheka, akasema akae kwenye mto na nisimrushe hewani.

Basi tukaenda. Mama akakaa kivulini na wamama wenye mahindi ya kuchoma, kitenge kipya, rozari mkononi. Kila gari likiondoka anasimama na fimbo kulifuata kwa macho. Zamu yangu ilipofika akaja mpaka mlangoni.

"Na mimi napanda."

Deo, ambaye ndiye mkubwa wa usalama wetu, akanitazama. Nikamwambia mbishie wewe. Deo akaenda kutafuta helmet. Ikavalishwa juu ya kilemba, kiti kikasimamishwa, mto ukawekwa, mkanda ukafungwa.

Mzunguko wa kwanza nikaenda polepole sana, namtangazia kama kawaida. Kushoto mama. Mchanga mama. Kichuguu hicho mama. Yeye kimya, anatazama tu.

Tuliporudi pale mwanzo akasema, "Sasa nyamaza wewe. Nasema mimi."

Wakuu, naandika hapa nywele zimesimama.

Yule mama aliizunguka ile njia mara moja tu, na aliishika yote. Akaanza kuita kwa Kihangaza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani, nene, yenye mdundo. Kushoto inakuja. Inabana. Inabana bado. Sasa nyoosha. Kichuguu kulia. Bonde, jikaze. Kila neno lilifika kabla ya kona, siyo mapema sana, siyo kwa kuchelewa. Miguu yangu ikawa inamtii yeye kabla ya kichwa changu kuamua. Kwenye ule mnyoosho wa mwisho akasema neno moja tu, "Kimbiza."

Nikakanyaga. Turbo ikaamka, vumbi likajaa nyuma, na mama anacheka, anacheka kwa sauti ya msichana.

Muda wetu siutaji, haukuwa wa kuvunja rekodi, nilikuwa na nyonga ya mtu mkononi. Lakini kwenye zile kona, sijawahi kupita safi vile, na Deo ni shahidi.

Nilipozima injini hakutaka kushuka. Alikaa pale na helmet yake, anatazama mbele. Nikadhani ameumia. Nikamuuliza, mama, uko salama?

Akaniambia siku ya harusi yake alifunikwa shuka ndani ya ingobyi, toka kwa baba yake mpaka kwa baba yangu, haruhusiwi kuchungulia. Njia nzima alikuwa anaisikia tu kwa sauti ya aliyeshika mbele. Alipougua kwenye uzazi wa dada yangu, akabebwa tena, amelala, anaangalia mawingu. Ndiyo maana anazijua zile sauti zote.

"Nimebebwa maisha yangu yote," akasema, "leo ndiyo nimeiona njia."

Nilishika usukani nikalia, na Deo aliyekuwa ameinama dirishani akajifanya vumbi limemwingia machoni.

Nilichojifunza wakuu: usikague gari la kila siku kwa masikio yako peke yako. Mpakie yule mwenye mwili unaouma kuliko wote nyumbani kwako, mpeleke kwenye barabara yenu mbaya kuliko zote, halafu umsikilize. Na ukiwa umembeba mtu, ongea naye. Mwambie kinachokuja.

Karibuni kwenye comments. Wenye hizi Forester mniambie mnatumia brake pad gani kwenye vumbi, na kama kuna mwenye mzee wake aliyewahi kubebwa kwa ingobyi aje atusimulie wa mbele alikuwa anaita nini kwao.

Halafu Deo, ndugu yangu, najua unausoma huu uzi. Ile helmet usinidai mimi. Iko Bugarama, imetundikwa kwenye msumari pembeni ya picha ya Bikira Maria, na mwenyewe amesema hairudi.